Murhula Alivyonisomea Kitabu Chako

Bujumbura, Asiatique
Jumatatu, baada ya Asri

Kwa mwanangu Kaltum, huko Liège,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta uko mzima, wewe na wale watoto wawili ambao mikono yangu haijawashika bado. Wanasema baridi ya huko inaingia mpaka kwenye meno. Vaa soksi za sufu na ufunike kichwa, usifuate watu wa huko. Sisi hapa tuko, alhamdulillahi. Sukari yangu imepanda na goti la kulia linagombana na ngazi, lakini macho bado makali. Mtu akiingia dukani, kabla hajafungua mdomo najua kama amekuja kununua ama amekuja kupoteza saa. Kaka yako Muadh anakusalimu, anasema humpigii simu.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe na imenichukua siku nne. Muadh aliniambia niongee tu ndani ya simu, sauti ikufikie hapo hapo. Nimekataa. Sauti ikishatoka inapita Asiatique yote na kufika Buyenzi kabla ya Magharibi, na habari hii si ya kutembea. Unajua mimi sikusoma sana. Chuo cha Kurani miaka minne, kwa mapadri miaka miwili, kisha babu yako akanitoa nikauze chumvi. Lakini kwa elimu hiyo hiyo nimesimamisha depo tatu za simenti kule Zone Industrielle, na hajazaliwa mwanasheria wa kunizungusha. Basi ukikuta herufi zimelala, zisimamishe mwenyewe. Wewe ndiye mwandishi.

Nitaanza mwanzo, na usiruke kwenda chini kutafuta mwisho. Nakujua.

Kitabu chako kilifika mwezi wa pili ndani ya sanduku la Moubarak, yule wa duka la vitambaa, aliporudi kutoka huko kwenu. Nilinawa mikono kwanza ndipo nikakishika. Jina la ukoo wetu liko pale juu, kubwa kuliko kwenye kibao cha duka. Siku chache kabla, Muadh alikuwa amenionyesha kwenye simu yake ukizungumza na watu wa redio, kwa Kifaransa. Nikamuuliza wanataka nini kwako. Akasema wanauliza ni kitu gani kilikusukuma kuandika riwaya nzima juu ya ubaguzi wa rangi. Nikamuuliza umejibu nini. Akajikuna shingo, akasema umejibu kwamba ni mambo uliyoyaona nyumbani.

Nilifurahi, Kaltum. Nyumbani ni kwangu, na nilidhani umewaeleza jinsi sisi tulivyobaguliwa: jinsi Wabelgiji walivyomwacha babu yako amesimama uani pa ofisi yao tangu asubuhi, na joho lake na kilemba chake, wakampita kama nguzo. Hadithi hiyo nimekusimulia mara ngapi. Nikasema mtoto wangu ana masikio, ameiweka kitabuni.

Kwa Kifaransa mimi najua tarakimu na neno la douane, yaani forodha. Muadh nikamwambia anisomee, akasema ana kazi. Kila siku kazi. Ndipo nikamwita Murhula.

Murhula sina haja ya kukueleza ni nani, mgongo wake ulikuwa farasi wako wa kwenda shule siku za matope. Miaka thelathini na minane alikuwa mkuu wa depo yangu. Nguvu za kuhesabu mifuko zilipomwishia hakuacha kuja. Alikuwa anatoka kwake Buterere kila asubuhi, anakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa duka, tunatukana waziri huyu na yule mpaka adhana. Alisoma kwa mapadri wa Bukavu mpaka wakakaribia kumfanya padri. Kifaransa chake kilikuwa kimenyooka kama rula.

Akakichukua kitabu kwenda nacho kwake. Akasema anataka kukipitia kwanza, ili asinisomee akigugumia. Kesho yake akakirudisha na uso mzito. Nikamuuliza kama ni kizuri. Akasema, “Patron, huyu mutoto anajua kuandika.” Tangu siku hiyo, kila baada ya Asri, alikuwa anavaa miwani, anafungua, anasoma kimoyomoyo midomo ikicheza, kisha ananieleza kwa Kiswahili. Moubarak alikuwa anakuja kusikiliza. Chabani wa kahawa naye alikuwa anaweka birika chini, wateja wake wapende wasipende.

Nilipotambua kitabu kinahusu nini, nilishikwa na baridi. Kinahusu mwaka ule wa maji ya Buterere. Mfanyabiashara Mwarabu, mjane, na binti yake wa miaka kumi na miwili. Mfanyakazi wake Mkongomani, ambaye nyumba yake imeingiliwa na maji mpaka dirishani. Mke wa mfanyakazi anaitwa Lisette kitabuni, lakini mimi na Murhula tulijua ni nani. Ni Odette wake.

Mwaka ule wewe uliuona na mimi niliuona. Murhula alikuja na Odette na watoto wao wanne, magodoro kichwani, wanadondosha maji. Vyumba viwili vya juu vilikuwa vitupu. Mimi nikasema hakuna nafasi, nikawapeleka depo ya Zone Industrielle wakalale kati ya mifuko ya simenti. Siku ya tano ikafika familia ya Waarabu wenzetu kutoka Uvira inayokimbia vita, watu ambao sikuwahi kuwaona, jina la ukoo wao tu ndilo nililolijua. Nikawapa vyumba vyote viwili, na wewe ukabeba mito ya kulalia. Odette alikuwa na kifua. Wiki ya tatu akafariki.

Sasa sikiliza vile Murhula alivyonisomea.

Alisema kwamba kitabuni yule Mwarabu ni mtu mkali, mbishi, hapendi kuambiwa, lakini moyo wake uko wazi. Maji yanapokuja, anakwenda mwenyewe Buterere, suruali imekunjwa, anawatoa. Anawafungulia chumba cha juu. Lisette anapanda zile ngazi polepole, mkono mmoja ukutani, anahesabu. Ngazi kumi na sita. Anafika juu amechoka lakini anacheka. Kuna kitanda cha mbao, kuna pazia la kijani, na dirisha linaangalia ziwa, hivyo kila asubuhi anaona milima ya kwao Kongo upande wa pili. Anakunywa chai na analalamika kwamba Waarabu wanatia sukari kama wanazika mtu. Kifua kinapona. Maji ya Buterere yanakauka, lakini yeye hataki kushuka, mumewe anamtania kwamba amekuwa bibi wa mjini.

Mara moja nilimwambia mbona leo amegeuza karatasi mbili kwa pamoja. Akasema Kifaransa kinapenda maneno mengi kwa kitu kidogo, Kiswahili kinafika haraka. Tukacheka sote.

Utasema, Baba, lakini ulijua haikuwa hivyo. Nilijua. Siku ya kwanza nilimtazama Murhula usoni nikitafuta kitu. Hakuinua macho, alisafisha miwani. Nikajiambia mwandishi ana ruhusa yake, mwanangu ameamua kumvika baba yake nguo mbele ya watu. Nililia, Kaltum, na Chabani aliona. Kisha nikaanza kujisifu. Unanijua. Barazani pa msikiti niliwaambia kwamba niko ndani ya kitabu huko Ulaya, na niko mtu mwema. Wazee wengine walitabasamu wakatazama ndala zao. Nilisema ni wivu. Wao wanakumbuka ule mwaka, na pengine watoto wao walishakisoma. Mimi kufika wiki ya tatu nilikuwa nimeanza kukumbuka nikibeba godoro la Odette kupanda nalo ngazi. Nilikumbuka mpaka uzito wake.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Chumba cha juu hakiangalii ziwa, na hakikuwahi kuwa na pazia la kijani. Nikasema Kaltum ameondoka zamani, amesahau.

Murhula alikufa kabla hajamaliza, zikiwa zimebaki kurasa kumi na moja. Mwezi wa tano alianza kukosa siku moja, kisha mbili, kisha akaja mwanawe Fortunat kunipa habari ya msiba. Tulimzika Buterere. Nilikwenda, na goti hili, juu ya mbao walizoweka kwenye matope kando ya mashamba ya mpunga. Nilisimama mbele, nikasema maneno mbele ya mchungaji wao na watu wote. Nikasema huyu alikuwa ndugu yangu. Hakuna mtu aliyeitikia. Nilidhani ni desturi ya Wakristo.

Baada ya wiki mbili akaja dukani mjukuu wake Orlane, yule anayesomea uuguzi Kamenge. Alileta kitabu kimefungwa ndani ya karatasi ya mfuko wa simenti, akaniamkia vizuri, akageuka aende. Nikamwambia akae anisomee zile kurasa kumi na moja, nijue Lisette anaishia wapi. Akakaa, akafungua pale babu yake alipotia alama, akaanza. Ilikuwa habari ya watu watatu na mchungaji mmoja, wakimzika mke wa mfanyakazi katika mvua.

Nikamwambia amekosea ukurasa. Akasema hapana. Nikamwambia Lisette alishapona, amekataa kushuka, iko kitabuni, mashahidi ni Moubarak na Chabani. Orlane aliniangalia vile wauguzi wanavyomwangalia mtu kabla ya kumwambia. Akarudi nyuma mpaka sura ile ya maji ya Buterere, akasoma. Alisoma alasiri tatu. Yeye hakugeuza karatasi mbili kwa pamoja.

Basi nimekisikia kitabu chako. Nimesikia ile “hakuna nafasi” yangu, kama nilivyoisema, na kidole nilivyokiweka juu ya funguo zangu ili zisilie. Nimesikia familia ya Uvira na ile mito. Nimesikia yule mtoto anamuuliza baba yake kwa nini hawa na si wale, na baba anajibu kwamba hawa ni watu wetu. Niliisema nikiwa napiga mswaki, na wewe umeikumbuka mpaka povu.

Nilimuuliza Orlane kama babu yake alikuwa hajui tena kusoma. Nilitamani aseme ndiyo. Akatoa kwenye mkoba kaye, daftari la shule la kurasa mia, akanionyesha akiwa ameishika yeye. Mwandiko wa Murhula, Kiswahili, kwa kalamu ya risasi. Kila sehemu aliyonisomea aliitunga kwao na kuiandika kabla ya kuja. Amefuta, ameandika tena. Pazia ameliandika jekundu, akakata, akaweka kijani. Ngazi alikuwa amesema kumi na nane, akakata, akaweka kumi na sita. Hiyo ndiyo hesabu ya kweli, kwa sababu kutoka chini unaweza kuzihesabu. Dirisha ndilo hakuweza kuliona. Miaka thelathini na minane, Kaltum. Alibeba mizigo yangu mpaka chini ya ngazi, na pale anaipokea mwingine. Nilikuwa nimesahau kwamba mimi ndiye niliyeweka sheria hiyo. Hakuwahi kuingia chumba kile, ndiyo maana alikipa ziwa.

Machozi yalinitoka. Nikamwambia Orlane babu yako alikuwa na huruma, alinisitiri, Mungu amlipe. Akafunga kaye. Alisema bila hasira kwamba yeye pia alimuuliza hivyo mzee, kwa nini anamlinda patron, na mzee akamjibu, “Sikufanya juu yake. Nilitaka nimuone Odette anapanda zile ngazi, hata mara moja.”

Nilikuwa nikijisifu barazani kwa kitabu ambacho mjane alikuwa anamwandikia mke wake. Mimi nilikuwa kiti tu pale, kiti chenye masikio.

Nikamwomba aniachie kaye ile. Akasema hiyo ni yao. Nikamwambia basi ahamie chumba cha juu, asome hapa, Kamenge si mbali, Buterere maji yanarudi kila mwaka, hatalipa kitu. Alisimama, akanishukuru, akasema, “Muzee, kwetu nafasi iko.” Mwanangu, kwao wanalala sita ndani ya vyumba viwili, na alama ya maji iko ukutani, inanifikia mimi kifuani. Akaenda.

Lakini kabla hajaenda alikuwa amesoma ukurasa wako wa mwisho, na huo ndio ulionishikisha kalamu. Pale binti amekuwa mkubwa, yuko mbali, ana watoto. Anasema kwamba miaka yote amemhukumu baba yake kwa kila kitu, isipokuwa kimoja. Anasema, baba hakujua kwamba yule mama anaumwa. Angejua, angefungua. Orlane aliposoma hapo aliniuliza kama ni kweli, muzee hukujua. Nikaomba maji ya kunywa. Alinipa, akanisubiri nimalize, nikamrudishia kikombe kitupu.

Maneno hayo ni mimi niliyekupa. Siku tuliyorudi kutoka kumzika Odette ulinishika kanzu ukaniuliza, nikakwambia sikujua. Ulilala ukiwa umeniamini, na sasa umeyachapisha.

Nilijua. Siku ya pili, kabla ya familia ya Uvira hata kuvuka mpaka, Murhula alikuja hapa dukani, akavua kofia, akasema Odette anakohoa damu, daktari amesema vumbi la simenti litamuua. Hakuomba vyumba vyote, aliomba kimoja, cha Odette peke yake. Yeye na watoto wangebaki depo. Nikamwambia ngoja niangalie. Nikapanda, nikafungua. Kitanda kilikuwa kimetandikwa yale mashuka meupe ya marehemu mama yako Basma, ya Maskati, yenye maua pembeni. Nilisimama pale muda. Nilijaribu kumlaza Odette kitandani kwa mawazo, na sikuweza. Haikuwa kwa sababu ya ugonjwa, wala kwa sababu ya heshima ya mama yako, ijapokuwa hivyo ndivyo nilivyojiambia miaka ishirini. Mama yako mwenyewe angemfungulia. Ilikuwa ile ngozi yake juu ya yale mashuka. Nimetafuta neno jingine siku hizi nne na sina. Nikafunga, nikashuka, nikamwambia Murhula nimeangalia, hakuna nafasi. Akasema sawa, patron. Akavaa kofia yake, akarudi kazini, sababu siku hiyo kulikuwa na lori.

Na siku ya tano niliwalaza watu wa Uvira kwenye mashuka yale yale.

Murhula alikuwa anajua vyumba viko vitupu. Ndiye aliyekuwa anafagia chini ya ngazi, akiona nani anapanda. Akaendelea kazini, kisha kwenye kiti kile, akakaa na mimi miaka ishirini baada ya hapo, na mimi nikaita hiyo urafiki. Labda ilikuwa. Sina tena wa kumuuliza.

Sikuandikii ili unisamehe. Mimi si mtu wa kuomba, na wewe umerithi kichwa changu, hukubali kusukumwa. Nakuomba jambo moja la kazi yako. Wanasema kitabu kikiuzwa vizuri kinachapishwa tena. Kikichapishwa, fungua ukurasa ule wa mwisho, ukate yale maneno ya kunihurumia, uandike kwamba alijua. Kama watakuuliza redioni nani amekwambia, sema ni baba mwenyewe, kwa mwandiko wake. Herufi mbaya hivi hakuna atakayesema umezitunga.

Sasa mkono umechoka na Muadh anafunga duka. Wape watoto busu za babu yao, uwaambie babu yao ni mfanyabiashara hodari. Hilo halina uongo. Nisalimie na majirani zako wanaokuangalizia mtoto akiumwa. Ukipata likizo njoo, usikae hotelini. Chumba cha juu sikifungi siku hizi, mashuka nimeyatoa, upepo unaingia. Ila ukifika usitafute ziwa dirishani. Pale kuna ukuta wa jirani tu.

Ni mimi baba yako,
Hamoud